Ku ordinateri filtri ilikuwa safi, ku ateliye ikakataa: nani mwenye kosa?

Swali la mudogo mumoja wa hapa Lubumbashi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: "Yaya enjenia, jambo. Mu kazi yangu ya mwisho walinipa kutengeneza filtri ya gidi ya mawimbi kwa linki ya 7.5 GHz, upana MHz 60, vyumba vinne. Nilichukua gidi ya mm 28.50 kwa 12.62, nikachora ku ordinateri, kurbe ikatoka safi kabisa, hasara hakuna, marudio dB 20 (dB ikiwa nyingi, nguvu yenye inarudi nyuma ni kidogo). Fundi akaikata mu letoni, vipande viwili vilivyopasuliwa katikati ya ubavu mupana, na frezi ya mm 6. Tukaenda kupima: katikati iko ku 7.53, mgongo wa kurbe umeinama, marudio haipiti dB 7, na hasara ni dB 2.8. Promoteri anasema programu ni ya bule, fundi anasema deseni yangu njo mbaya. Nani anasema kweli? Na filtri, niitupe?"

Jambo mudogo yangu. Kwanza usiitupe, ile filtri inaweza kupona, na nimefurahi sana kusikia imetoka juu ya 7.5 na haikutoka chini, mbele utaona juu ya nini. Pili, mu ule ugomvi wenu programu njo haina kosa hata kidogo. Uliiuliza swali, ikajibu lile swali. Shida ni kwamba uliiuliza habari ya chuma chenye hakiko: chenye pembe kali kama wembe, laini kama kioo, na umeme unatembea juu yake bila kuchoka. Hicho chuma hakiuzwi hapa Lubumbashi na hakiuzwi mahali popote. Fundi yeye alikata chuma chenye kiko.

Na usione haya, mimi nami ilinipata. Nilikuwa kijana, nimetoka shule na hesabu zote mu kichwa, nikapeleka deseni ku ateliye moja upande wa Kampemba. Mzee wa frezezi akaiangalia, hakusema kitu, akachukua frezi mu sanduku lake, nene kama kidole gumba, akaisimamisha juu ya karatasi yangu palepale penye kona, akaizungushia penseli. Penseli ikaacha duara, na kona yangu ikabaki nje ya lile duara. Akaniuliza tu, "Papa enjenia, kisu yangu inazunguka, wewe unataka ikate kare?" Nikarudi nyumbani na deseni yangu. Vitabu nilivyosoma mbele ya ile siku havikuwa vimeniuliza hilo swali.

Bon, kwa wenye wanasoma na hawako mu hii kazi: gidi ni bomba la chuma, upana mara mbili na zaidi ya kimo, tupu ndani, hakuna waya katikati, na mawimbi yanapita mule sawa maji mu tiyo. Lord Rayleigh aliandika hesabu yake mwaka 1897, watu wakaisahau karibu miaka 40, mpaka Southworth wa Bell Labs na Barrow wa MIT wakaonyesha mwaka 1936, kila mtu kwake, kwamba kitu kinafanya kazi kweli. Sheria ya kwanza ni upana: nusu ya wimbi lazima ienee mu upana wa bomba, isipoenea wimbi linakufa palepale mlangoni. Bomba yako ina mm 28.50, basi chini ya 5.26 GHz hakuna kinachopita (chukua mwendo wa mwanga, gawa kwa mara mbili ya upana, utaona). Na juu wimbi linatembea likigonga kuta huku na huku, urefu wake mule ndani unavutika: ku 7.5 GHz, nje ni mm 40, ndani inakuwa 56. Nusu ya 56 ni 28, njo urefu wa chumba kimoja, ukitoa kile madirisha yanakula unabaki na 26 hivi.

Filtri inapitisha bande moja tu ya frekansi na kuzuia zingine. Ndani yake vyumba vinafuatana kama nyumba ya mstari, kati yao kuna kuta zenye madirisha. Dirisha kubwa linapitisha sana, dogo linapitisha kidogo, na kazi yote ya filtri ni mambo mawili: vyumba viimbe sauti moja, na madirisha yawe na kipimo chake. Namna ya kutoka ku hesabu ya koili na kondensa mpaka ku madirisha aliiandika Seymour Cohn mwaka 1957 na mpaka leo njo tunaanzia pale. Kwa filtri yako, vyumba vinne, marudio dB 20, upana 60 juu ya 7500, namba zenye ungepaswa kupata ni hizi: kushikana (namna vyumba viwili vinapitishiana nguvu) kwa chumba cha 1 na cha 2 ni 0.0073, cha 2 na cha 3 ni 0.0056, na mlango wa nje Q yake 117 (Q ni namba ya namna chumba kinashika nguvu, ikiwa kubwa nguvu inatoka polepole). Kama mu kazi yako hizo namba hazimo, kama ulirukia moja kwa moja kuchora na ukaachia ordinateri itafute yenyewe, rudia pale kwanza, juu filtri yenye ilipatikana kwa kubahatisha hautajua kuiponyesha siku imegonjwa.

Sasa tuingie mu kona. Frezi ya mm 6 inaacha mviringo wa mm 3 mu kila pembe ya ndani. Mm 3 mu chumba cha 26 unaona kama si kitu. Lakini kuna kanuni yenye mwanafizikia Slater alituachia, nami naitumia karibu kila siku kuliko hata programu: ukisukuma ukuta kuingia ndani mahali penye uwanja wa sumaku ni mwingi, frekansi inapanda, ukisukuma mahali penye uwanja wa umeme ni mwingi, inashuka. Yako ulipasua katikati ya ubavu mupana, kwa hiyo kisu kilishuka kufuata upana, na ile mviringo inakaa pale ukuta wa dirisha unapokutana na ubavu mupana, inapanda nao kutoka chini mpaka ukingo wa dirisha. Na palepale, mguuni mwa ukuta wa dirisha, njo sumaku ya chumba inajaa. Nimefanya hesabu ya mkono, si ya ordinateri: vyumba vya katikati vinapanda kama MHz 25 mpaka 30. Vya pembeni vinapanda kama 15 mpaka 20 tu, juu dirisha lao la nje ni kubwa zaidi, ukuta wake ni mfupi, na kona nayo inakuwa fupi.

Umeona? Hapo umepata mambo mawili kwa mara moja. Filtri yote imehama juu, njo ile 7.53. Na vyumba havikuhama sawa, viwili vya katikati vimewapita viwili vya pembeni, hawaimbi tena sauti moja, njo maana mgongo umeinama na marudio imekwama ku dB 7. Tena ile mviringo inaongeza unene wa ukuta kila upande wa dirisha, basi kushikana kunapunguka na bande inabanwa kidogo. Angalia vizuri ku kurbe yako, nadhani upana wake haufiki 60.

Na hapa kuna kitu chenye wengi hawafundishwi. Ungekata ile gidi namna ingine, kama sanduku na kifuniko, yaani unachimba chumba chote kutoka juu halafu unafunika na bati nene, frezi ileile ya mm 6 ingeacha mviringo uleule wa mm 3, lakini sasa ungekuwa mu kona ingine, pale ukuta wa dirisha unakutana na ubavu mwembamba, na mule mu kona sumaku inakaribia sufuri na umeme nao vilevile. Kuhama kwake ni MHz 1 au 2, basi. Frezi ni ile, chuma ni kile, deseni ni ile, mbali na upande kisu kimeingilia, na kosa linatoka ku 30 linafika ku 2. Ndiyo maana naambiaga vijana, mbele ya kuchora ukuta hata mumoja muulize fundi ataingilia wapi.

Usikimbilie kifuniko lakini, nacho kina deni lake. Umeme wenye unatembea juu ya kuta za gidi una njia zake, na katikati kabisa ya ubavu mupana hauvuki kutoka kushoto kwenda kulia, unafuata urefu tu. Kwa hiyo ukipasua pale, hata kiungo kikiwa kibaya kidogo umeme hausikii, ni kama kupasua ubao kwa kufuata nyuzi zake. Kifuniko yeye anakaa kona ya juu, pale umeme unapanda ukutani na kugeukia dari, unavuka kiungo mu urefu wote, na kama hakikukazwa na visi karibu karibu hasara inakula filtri. Wenye kutengeneza filtri nyingi za biashara wanachaguaga kifuniko mara nyingi, na utaona ile kifuniko imejaa visi kama mgongo wa mamba, sasa unajua ni kwa nini.

Tuje ku hasara, dB 2.8. Usiiangalie kama kitu kimoja, ichambue. Marudio dB 7 maana yake asilimia 20 ya nguvu inarudi kwa mwenye kutuma, haikuingia kabisa, peke yake hiyo inakula karibu dB 1. Ukishaponyesha vyumba, hiyo inatoka yote. Inabaki 1.8. Letoni safi, laini, Q ya chumba chako ingekuwa karibu 4400, na kwa vyumba vinne na bande ya 60 inatoa hasara ya dB 0.56, hiyo hauna namna, ni bei ya letoni. (Ku ordinateri uliandika "metali kamili", njo maana ilikuambia hakuna hasara. Pale pekee naweza kukukaripia.) Umeme ku 7.5 GHz unatembea mu ngozi ya chuma tu, kwa letoni ni mikroni 1.5, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu, unachukua kipande kimoja na nusu. Sasa pitisha ukucha wako mule ndani ya chumba, polepole, kukata njia ya frezi. Kama ukucha unasikia mistari, hiyo mistari ni mirefu kuliko ngozi yenyewe, umeme unapanda na kushuka kama baiskeli ya mkaa mu barabara ya mashimo, na hasara inaweza kufika mara mbili. Hiyo imetupeleka ku 1.1. Zile 0.7 zilizobaki nafikiri ziko mu kiungo na mu kipimo.

Kiungo kwanza. Nimesema ukipasua katikati umeme hauvuki, lakini hiyo ni kweli kama vile vipande viwili vinalingana. Kimoja kikiteleza hata mm 0.2, katikati haiko tena katikati, na umeme unaanza kuvuka. Ulitia vijiti vya kulinganisha, vile viwili vya chuma kigumu vyenye vinaingia bila kucheza? Au ulikaza na visi tu? Visi hailinganishi kitu, tundu lake lina nafasi. Fanya hii usiku umeme ukikatika, si unakatikaga: funga filtri, weka simu na torshi yake ku mlango mumoja, ziba pembeni na kitambaa, angalia kando ya kiungo chote mu giza. Ukiona mstari wa mwanga, hata mwembamba kama unywele, umeshapata adui yako. Na siku utaifungua ukaona uso wa kiungo una sehemu ya kung'aa na sehemu ya kijivu, ya kung'aa njo iligusana.

Halafu kipimo. Uliweka sufuri ya analizeri (ile mashini ya kupimia filtri) wapi? Kama ni mwisho wa kamba, mbele ya zile adapta za kutoka kamba kwenda gidi, basi ulipima filtri pamoja na adapta mbili, na kila adapta ina marudio yake na hasara yake. Dawa ni kuweka sufuri mu gidi yenyewe: unaunganisha midomo miwili moja kwa moja, halafu unafunga kila mdomo na bati, halafu unatia kati kipande cha gidi cha robo ya wimbi, kwako ni mm 14. Hicho kipande cha mm 14 fundi anakikata mu nusu siku, hakina dirisha hakina nini, na kitakuokoa ku kila kipimo cha maisha yako.

Juu ya nini tunagombania dB? Kati ya hapa na Likasi ni kilomita 120 hivi, hakuna kuruka mara moja, lazima piloni za kati. Ruka moja ya kilomita 40 ku 7.5 GHz, hewa peke yake inakula dB 142. Ukitia filtri moja ya 2.8 ku kutuma na ingine ku kupokea ni 5.6, maana yake mu nguvu yenye ingefika umebaki na robo na kidogo. Hiyo njo ile akiba ungeitaka siku ya mvua.

Na jamani, tuko mu mji wa shaba, jimbo lenyewe liliitwa Shaba kutoka 1971 mpaka 1997, halafu tunatengeneza na letoni! Shaba tupu ingekupa Q karibu 8700, hasara nusu. Lakini muulize fundi, shaba tupu ni laini, inashikana na kisu, inavutika kama bukari ya moto, letoni inakatika safi na chipsi ndogo. Njia nzuri ni kukata mu letoni ama mu aluminiamu halafu kuchovya fedha ao shaba, mikroni 5 inatosha kabisa, juu umeme ku hii frekansi haushuki hata mikroni 1 ndani ya shaba. Ila kuchovya hakufuti mistari ya frezi, laini inafanyika mbele.

Sasa modeli, juu promoteri anasema programu ni ya bule na lazima umujibu kwa adabu lakini umujibu. Rudia kuchora, safari hii na kona za mm 3 palepale zilipo, letoni badala ya metali kamili, na uone kama kurbe ya ordinateri inafika karibu na ile mulipima. Ikifika, umeshinda kesi, na kazi yako imekuwa nzuri kuliko yenye ingetoka safi mara ya kwanza. Usitie filtri yote mara moja. Anza na chumba kimoja na madirisha yake, na kona, tafuta frekansi yake, halafu bila kona, toa moja mu ingine, linganisha na zile 25 na 30 zangu za mkono. Kama tunatofautiana kwa MHz 5 ni sawa, kama tunatofautiana kwa 50 mumoja wetu amekosa mahali.

Pasua modeli mu robo. Wimbi lako linalingana kushoto na kulia, na juu na chini, basi katikati ya upana unatia ukuta wa sumaku, katikati ya kimo unatia ukuta wa umeme, na ordinateri inahesabu robo tu. Ukigeuza hizo kuta mbili kwa makosa utaona hakuna kinachopita kabisa, usiogope, badilisha tu. Ila angalia, hiyo robo haitakuonyesha kipande chenye kimeteleza, siku unataka kuona kuteleza lazima modeli nzima.

Kama programu yako ni ya kukata vyumba mu vipande na kurudia mpaka majibu yatulie, usikubali ile alama ya kusimama yenye inakuja nayo. Kwa filtri ya upana mdogo hivi unataka frekansi ya uhakika wa MHz 3 au 4 juu ya 7500, hiyo ni nusu ya sehemu moja mu elfu, kwa hiyo kaza alama, ongeza vipande mu madirisha na mu kona, na uendeshe mara mbili na wavu tofauti uone kama kurbe inahama. Kama unatumia openEMS, yenye ni ya bure na inatembea hata ku ordinateri ya kawaida, yenyewe inahesabu kwa kufuata wakati, kwa ile njia ya Yee ya mwaka 1966, na hapo kuna mtego mwingine: filtri ya MHz 60 inaimba muda mrefu kisha kupigwa, kama kengele ya kanisa. Na vipande vya nusu milimita, hatua moja ya wakati haifiki pikosekunde 1, unahitaji laki moja ya hatua na zaidi mbele kengele inyamaze. Ukiikata katikati utaona mawimbi madogo madogo ku kurbe, utafikiri ni filtri, kumbe ni haraka yako. Iache ifanye usiku na uwe na betri, mimi nilipoteza usiku tatu mfululizo juu umeme ulikatika saa kumi kila siku, tangu pale naandikisha matokeo kila baada ya muda.

Kuna namna moja ya kufupisha, yenye Bandler na wenzake walitoa mwaka 1994. Una modeli mbili, moja ya bei rahisi (madirisha kama koili, vyumba kama kamba, inajibu palepale) na moja ya bei kali (kona zote, usiku kucha). Hautafuti vipimo ku ile ya bei kali. Unaiendesha mara moja, unauliza ile rahisi "wewe ungekuwa na vipimo gani ungetoa kurbe kama hii?", inakujibu chumba cha 2 kama kimefupishwa mm 0.2 hivi, basi unaenda ku ile ya bei kali na kurefusha mm 0.2, unaendesha tena. Mara tatu au ine umefika. Mwenye anabonyeza tu "tafuta" na kungojea wiki mbili haelewi filtri yake inaumwa wapi.

Mbele ya kurudi ku fundi, pima roho ya deseni. Mm 0.1 ya kosa ku urefu wa chumba inakuhamisha karibu MHz 14, ku upana wa gidi karibu 13. Fundi mzuri na mashini yenye haikuzeeka anakupa 0.05, hiyo ni MHz 7, mu bande ya 60 inaponyeka na visi. Chukua vipimo vyote, vichezeshe ovyo ndani ya 0.05, mara hamsini, chora kurbe zote moja juu ya ingine, na hiyo picha itie mu kazi yako, promoteri ataipenda. Joto ni dogo: kati ya asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba na jua la mwezi wa kumi juu ya piloni, tuseme nyuzi 40, letoni inavimba na filtri inashuka MHz 6 hivi. Iachie hiyo nafasi basi. Maji njo mabaya kuliko joto, ziba midomo, juu mvua ikianza mwezi wa kumi na moja gidi wazi inakuwa kisima.

Na frezi ndogo? Ya mm 3 ingeacha mviringo wa 1.5, na juu mambo yanafuata mraba, 30 inakuwa 7 na kidogo. Lakini kina chako ni mm 14, frezi ya mm 3 mu kina cha 14 inapinda na inavunjika, na kila moja ina bei. Mimi naikata na ya 6 na kuhesabu kona mu modeli, narefusha vyumba.

Sasa ile yenye iko mukononi mwako. Visi yenye inaingia katikati ya chumba, penye uwanja wa umeme ni mkubwa, inashusha frekansi, haiwezi kupandisha. Njo maana nilifurahi: yako iko juu, kushusha tunaweza. Ingetoka ku 7.47 ningekuambia uyeyushe ufanye kengele. Toboa tundu la M4 ku kila chumba, katikati ya urefu wake, lakini usitoboe juu ya kiungo, ingia mm 4 kando mu kipande kimoja, pale bado kuna asilimia 80 ya nguvu ya katikati. Na ku kila dirisha, M3, nayo kando kidogo ya kiungo, kwa sababu visi mu dirisha inaongeza kushikana, na yako yamepunguka. Tia nati ya kufunga ku kila moja, na kisha kutoboa futa vumbi la letoni lote, kipande kimoja kilichobaki mule ndani kitakusumbua siku tatu.

Kupatanisha, fuata njia ya enjenia Dishal ya 1951, usizungushe ovyo. Ingiza visi za vyumba vyote mpaka ndani kabisa, vyumba vimefungwa. Weka analizeri ku 7.5, angalia fazi ya marudio. Toa visi ya chumba cha 1 polepole mpaka fazi igeuke nyuzi 180, simama. Ya 2, igeuke tena 180, simama. Ya 3, ya 4, vilevile. Halafu fungua kurbe nzima, na madirisha unayagusa kidogo kidogo, ya nje kwanza, mpaka zile meno ine za marudio zionekane na zilingane. Usipoona meno ine, kuna chumba kimeruka, rudia mwanzo.

Utafika dB 15 ya marudio mu saa moja ukiwa na mkono mtulivu, 20 itachukua siku. Nitumie vipimo vya kila chumba kama fundi alivyovikata, si kama ulivyovichora, na ile kurbe ya adapta peke yake. Ukiwa na njia ya kupita mjini siku ya posho, leta vipande vyote viwili, nina torshi nzuri kuliko ya simu.